London hadi Paris: kilomita ngapi hasa, na nitoke saa ngapi kuwahi kikao cha saa nane mchana?

NjiaPanda

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba mnisaidie hesabu kabla sijakata tiketi.

Nina kikao La Défense, Paris, siku ya Alhamisi saa nane kamili mchana kwa saa za huko. Nitatokea Croydon, kusini mwa London. Nimetafuta umbali wa London hadi Paris nikakutana na namba nne: 214, 344, 460 na 492. Kwenye muda ndiyo kabisa: kuna wanaosema saa moja na robo, wengine mbili na robo, wengine tano na nusu, wengine tisa. Ipi ni ipi? Na swali lenyewe hasa: nitoke Croydon saa ngapi, kwa usafiri gani, nifike bila kuhema? Begi ni moja la magurudumu pamoja na mkoba wa kompyuta. Gari lipo pia, kama kuna atakayeniambia lina faida.

Mzee_wa_Ramani

Mkuu, namba zote nne ni sahihi. Kila moja inapima njia yake.

214 na 344 ni umbali uleule. Maili 214 ndizo kilomita 344. Vibao vya barabarani Uingereza vimeandikwa kwa maili, vya Ufaransa kwa kilomita, na mtandaoni namba mara nyingi huachwa bila kipimo chake. Huo ni mstari ulionyooka juu ya ramani, kutoka Charing Cross hadi mbele ya kanisa la Notre-Dame. Pointi hizo mbili hazikuokotwa tu: umbali wa London hupimwa kuanzia penye sanamu ya mfalme Charles wa Kwanza, upande wa kusini wa Trafalgar Square, na Wafaransa huhesabu barabara zao kutoka kwenye kibamba cha shaba kilichowekwa chini, kwenye mawe ya uwanja ulio mbele ya Notre-Dame. Mstari huo hakuna anayeufuata, hata rubani, maana ndege huzunguka kidogo ikipaa na huzunguka tena ikisubiri zamu ya kutua.

460 ni ya barabara. Katikati ya London hadi Folkestone ni kama kilomita 112, chini ya bahari 50, halafu Calais hadi Paris 295 hivi. Jumlisha upate 457, na hizo chache zinazobaki zinategemea unaanzia mtaa gani na unaishia mtaa gani.

492 ni ya reli. Kilomita 109 za reli ya kasi ya Uingereza kutoka kituo cha St Pancras, London, hadi mdomo wa handaki la chini ya bahari, handaki lenyewe 50.45, na 333 za reli ya kasi ya kaskazini mwa Ufaransa. Reli imezidi barabara kwa sababu inapinda kwenda Lille kwanza ndipo ishuke Paris. Njia ya mkato ilikuwa kupitia Amiens, lakini reli hiyo ilipofunguliwa mwaka 1993 ilikuwa imepangwa ipite Lille, ambako huachana na ile ya Brussels. Amiens iliambulia kituo kilicho mbali na mji, Haute-Picardie, katikati ya mashamba, na wenyeji walikibatiza kituo cha viazisukari.

Kwa hiyo 344 itumie kwa mashindano ya jiografia, 460 kwa mafuta ya gari, 492 kwa kujua treni inakimbia kiasi gani. Kwenye kikao chako hakuna hata moja kati ya hizo itakayokuwahisha. Hapo zinahesabiwa saa.

SafariFupi

Panda ndege tu mkuu. Croydon na Gatwick ni pua na mdomo, robo saa kwa treni. Saa moja na robo uko Paris. Hayo mengine ni kujitesa.

Ratiba_ya_Reli

SafariFupi, hiyo saa moja na robo ni tangu ndege inaposukumwa kutoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa upande wa pili. Hewani kwenyewe ni dakika hamsini hivi. Kuna ya kabla na kuna ya baada, na kwenye safari fupi kama hii ya kabla na ya baada ndiyo safari yenyewe.

Tuchukue ndege ya saa 08:00, yaani saa mbili asubuhi, kutoka Gatwick kwenda Charles de Gaulle. Uwanjani uwe umefika saa kumi na mbili, kwa hiyo nyumbani Croydon unatoka kama saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Inatua saa tatu na robo za London, ambazo Paris ni saa nne na robo, kwa kuwa Ufaransa iko mbele kwa saa moja mwaka mzima (nchi zote mbili hubadili saa siku ileile, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, kwa hiyo tofauti haibadiliki). Sasa ndiyo unakutana na foleni ya pasipoti. Wape nusu saa, na siku mbaya saa nzima. Ukimaliza hapo unatafuta kituo cha RER B, treni ya kuingia jijini (RER ni treni za Paris na vitongoji vyake). Vipo viwili uwanjani hapo: kimoja ni cha jengo la 1 na la 3, kingine cha jengo la 2, na ukichanganya unalazimika kupanda kitreni cha bure kinachozunguka majengo. RER B inachukua dakika 25 hadi kituo kikuu cha treni cha Gare du Nord ikiwa haisimami njiani, 35 ikiwa inasimama kila kituo. Unaunganisha kwenda La Défense, na ukifika ni saa sita na dakika arobaini mchana. Toa ile saa moja ya tofauti: umetumia saa 6 na dakika 20 mlango hadi mlango.

Sasa treni. Kutoka East Croydon kuna treni za Thameslink zisizohitaji kubadilisha hadi St Pancras, kama dakika 35. Zinaingia chini ya jengo lilelile la Eurostar, ile treni ya kasi ya kwenda Paris, unapanda ngazi tu. Chukua Eurostar ya kama saa mbili asubuhi. Unatoka nyumbani saa kumi na mbili, saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano uko kwenye foleni ya ukaguzi. Treni inafika Gare du Nord kama saa tano na dakika ishirini za Paris. Saa sita mchana uko La Défense. Hiyo ni saa 5 mlango hadi mlango, na umebakiwa na saa mbili za kula na kupitia karatasi zako.

Hizo saa mbili usizione ni nyingi. Ndizo bima yako.

Kuhusu muda wa ndani ya treni, safari za haraka ni saa 2 na dakika 16 au 17, nyingine hufika 2 na 25. Ukigawa kilomita 492 kwa muda huo unapata wastani wa kama 215 kwa saa, ingawa treni hukimbia 300 kwenye sehemu ndefu ya njia. Breki kubwa ni handaki. Humo ndani mwisho ni 160, kwa sababu njia wanachangia na treni za mizigo na zile zinazobeba magari, ambazo hukimbia 140, na treni moja ikikimbia sana itaikanyagia visigino ya mbele yake. Kwa hiyo kilomita 50 za handaki zinakula kama dakika 20. Na ukisoma andiko la zamani linasema safari ni saa tatu, nalo halikudanganya: tangu 1994 treni zilitokea kituo cha Waterloo na upande wa Uingereza zilitambaa kwenye reli za kawaida. Kipande cha kwanza cha reli ya kasi ya Kiingereza kilifunguliwa 2003, cha pili 2007, na hapo ndipo kituo kilipohamia St Pancras.

Muda unaoweza kukuponza si huo wa ndani ya treni. Ni lango. Lango la Eurostar hufungwa dakika 30 kabla ya treni kuondoka, na likifungwa limefungwa, hata kama treni unaiona kwa macho. Ndani ya lango kuna mambo matatu yanafuatana: unaskani msimbo wa tiketi, begi linapita kwenye mashine, halafu afisa wa mpaka wa Ufaransa anakagua pasipoti pale pale London. Ukishuka Paris unatembea moja kwa moja hadi mtaani, hakuna wa kukuuliza kitu. Anayeandika "fika dakika 45 kabla" anakupa robo saa ya kupita sehemu tatu zenye foleni. Mimi nasema dakika 75 kwa siku ya kazi, 90 wakati wa likizo za shule.

Bi_Tiketi

Naongezea ya tiketi maana hapo watu wanaumia.

Saa zote kwenye tiketi ni za mji husika. Ya kwenda itaonekana 08:01 hadi 11:20, mtu anasema treni inatumia saa tatu na kitu. Ya kurudi itaonekana 19:10 hadi 20:30, mtu anasema mbona kurudi ni saa moja na dakika ishirini. Safari ni ileile. Na ukiwa na mazoea ya saa zetu, andika pembeni kabisa kwa maneno: 08:01 ni saa mbili asubuhi London, 11:20 ni saa tano na dakika ishirini Paris. Simu itajibadilisha yenyewe ikishika mtandao wa Ufaransa. Saa ya mkononi haitajibadilisha.

Jina kwenye tiketi lifanane na la kwenye pasipoti. Begi: tiketi ya kawaida inaruhusu mabegi mawili yasiyozidi sentimita 85 kwa urefu pamoja na mkoba mmoja wa mkononi, na hayapimwi uzito. Sharti ni uweze kuyabeba mwenyewe. Begi lako la magurudumu na kompyuta havina tatizo.

Bei inapanda kadiri siku inavyokaribia, na treni za asubuhi za siku za kazi ndizo hujaa kwanza. Usisubiri Jumatano kununua tiketi ya Alhamisi.

Chakula sasa. Tangu 2021 huruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya ukitokea Uingereza na nyama au maziwa na vitokanavyo, hata ule mkate wenye jibini uliofungasha nyumbani. Mboga umalize kabla ya mpaka, nyama usibebe.

Muhimu kuliko yote: NjiaPanda, una viza ya Schengen, yaani ya kuingia Ufaransa na nchi wenzake wa Ulaya wanaotumia viza moja? Maana hujasema.

NjiaPanda

Asanteni sana, hasa kwa ile hesabu ya lango. Nina ukaazi wa Uingereza, pasipoti yangu inahitaji viza. Nilidhani kibali cha ukaazi kinatosha kwa siku moja tu. Hapana?

Bi_Tiketi

Hapana, dada au kaka. Uingereza haimo Schengen na haijawahi kuwemo. Kibali cha ukaazi wa Uingereza hakikuingizi Ufaransa hata kwa saa moja, na kwa kuwa afisa wa Ufaransa yuko St Pancras, hapo hapo ndipo safari itakapoishia. Hutafika hata kwenye treni. Nauli itakuwa imekwenda.

Viza ya muda mfupi utaiombea London, na uombe mapema kwa sababu miadi ya kupeleka maombi ndiyo inayochelewesha kuliko uamuzi wenyewe. Miongoni mwa vitu vinavyotakiwa ni bima ya matibabu ya safari isiyopungua yuro 30,000, barua ya mwaliko wa kikao, tiketi ya kurudi au mpango wake, na mahali pa kulala kama utalala. Barua hiyo na bima chapisha nakala ubebe, afisa wa mpakani ana haki ya kuuliza upya yote uliyoulizwa kwenye maombi. Angalia pia viza imeandikwa kuingia mara ngapi. Ikiwa ni mara moja, ukirudi London jioni imekwisha, hata kama tarehe bado zinaonyesha wiki mbili mbele.

Jambo jingine jipya: tangu tarehe 12 Oktoba 2025 Schengen wameanza mfumo wa kuandikisha wageni kwa picha ya uso na alama za vidole badala ya muhuri wa wino. Wanaousimamia mpaka ni wale wale, chumba cha St Pancras ni kile kile, na kujiandikisha mara ya kwanza kunachukua muda kuliko muhuri. Kwa anayeenda mara ya kwanza zile dakika 75 za Ratiba_ya_Reli mimi ningezifanya 90.

Usukani_Kulia

Nijibu la gari, maana limerukwa.

Ile "saa tano na nusu" uliyoiona ni ya programu ya ramani, nayo inahesabu kana kwamba unafika Folkestone na treni ya magari inakusubiri mlango wazi. Hali halisi kwa Croydon: hadi Folkestone kwa barabara ya M25, M26 kisha M20, saa 1 na dakika 20 kukiwa hakuna foleni. Kwenye kituo cha LeShuttle, ndiyo hiyo treni ya magari, uwe umefika angalau saa moja kabla. Hapo unapita Waingereza, halafu Wafaransa, ukiwa ndani ya gari. Kuvuka ni dakika 35, unakaa kwenye gari lako ndani ya behewa. Unatokea Coquelles, pembeni ya Calais, unaingia A26, karibu na Arras unachukua A1 hadi Paris. Kilomita hizo 295 ni saa 3 bila kusimama. Kwa hiyo saa 6 ndiyo kiwango cha chini, na mtu mwenye akili huandika 7.

Ukitaka kuwa La Défense saa saba na nusu mchana za Paris, utoke Croydon saa kumi na moja na nusu alfajiri. Na bado hujatafuta maegesho.

Mambo yanayokwamisha upande wa gari:

Gari lililofungwa mtungi wa gesi wa kuendeshea, la LPG au CNG, halipandishwi kwenye LeShuttle hata mtungi ukiwa mtupu. Hilo linakwenda kwa feri. Gari linalozidi mita 1.85 kwenda juu, ukijumlisha sanduku la juu ya paa, linapangiwa behewa lisilo la ghorofa, na ni lazima useme wakati wa kukata tiketi. Ukificha utaambiwa usubiri nafasi ya behewa hilo. Ufaransa wanataka kizibao cha kuakisi mwanga na pembetatu ya tahadhari. Kizibao kikae pale mkono unapofika kabla ya kushuka, kwenye buti hakina maana. Kwa gari la usukani wa kulia, bandika vibandiko kwenye taa za mbele, kwa sababu taa zako zimetengenezwa kumulika ukingo wa kushoto na ukiendesha kulia zinawapiga machoni wanaokuja. Nyuma kuwe na alama ya UK.

A26 na A1 zina tozo, kwa gari dogo ni zaidi kidogo ya yuro 20 kwa njia nzima, unalipa kwa kadi. Hapa usukani wa kulia unasumbua: mashine iko kushoto. Ukiwa peke yako unashuka, unazunguka gari, na nyuma yako wanapiga honi.

Mwendo ni 130 mvua isiponyesha, ikinyesha 110. Ukikaribia Paris, A1 inajaa kuanzia eneo la uwanja wa Charles de Gaulle hadi Saint-Denis, na asubuhi kipande hicho kinaweza kukula dakika 40. Barabara ya mzunguko wa jiji imeshushwa hadi 50 kwa saa tangu Oktoba 2024, ilikuwa 70, na kamera hazilali.

Gari lina faida mkiwa wanne, au kama una mizigo ya maonyesho, au unaendelea mbele ya Paris. Kwa mtu mmoja mwenye kompyuta, liache nyumbani.

SafariFupi

Sawa, nimenyoosha mikono kwa La Défense. Ila msiizike ndege kabisa.

Ratiba_ya_Reli

Haizikwi. Anayeendelea na ndege nyingine kutoka Charles de Gaulle, ndege ndiyo yake, mzigo unaunganishwa na hatoki nje. Na anayekwenda kusini mwa Paris aangalie zinazotua uwanja wa Orly: metro namba 14 inafika hapo tangu Juni 2024 na kuingia katikati ya jiji ni chini ya nusu saa. Lakini mpaka bado utaupitia ukishashuka, na foleni ya baada ya kushuka ni mbaya kuliko ya kabla ya kupanda, kwa sababu kikao hakikusubiri.

NjiaPanda

Nimeelewa, viza kwanza halafu treni. Tarehe ya kikao wataisogeza. Maswali ya mwisho: naweza kuacha gari Ebbsfleet nikapandia pale? Gare du Nord hadi La Défense napanda nini? Basi la usiku je, ndilo zile "saa tisa"? Na kikao kikiisha saa kumi na moja jioni, nichukue ya kurudi ya saa ngapi?

Ratiba_ya_Reli

Ebbsfleet hapana. Eurostar hazisimami Ebbsfleet wala Ashford tangu 2020, ingawa majengo yapo na vibao bado vinawapoteza watu. Ni St Pancras tu.

Gare du Nord hadi La Défense, chukua RER E. Kituo chake kinaitwa Magenta, kimeunganishwa na Gare du Nord kwa njia ya chini, fuata alama ya E bila kutoka nje. Tangu Mei 2024 njia hiyo imerefushwa hadi La Défense na zaidi, ni kama robo saa. Maelekezo ya zamani yatakupeleka Châtelet ubadilishe kwenda RER A. Nayo yanafika, ila kwa kubanana na kubeba begi ngazini bila sababu. Magenta iko chini sana, ngazi za umeme ni ndefu, kwa hiyo toka kwenye behewa hadi ukingoni kwa treni ya E hesabu dakika kumi. Tiketi moja ya treni na metro ilikuwa yuro 2.50 mwaka 2025, ya kwenda au kutoka uwanja wa ndege yuro 13. Zinapakiwa kwenye kadi ya Navigo Easy ya yuro 2, au kwenye simu. Ukinunua kwenye simu ukiwa bado ndani ya Eurostar unakwepa foleni ya mashine pale Gare du Nord.

Ya kurudi sasa. Mpaka wa kurudi uko Gare du Nord, ghorofa ya juu, na safari hii unapita wawili: Wafaransa wanakutoa, Waingereza wanakuingiza, hatua chache baina yao. Uthibitisho wa ukaazi wako uwe tayari kwa afisa wa pili. Kikao kikiisha saa kumi na moja, mpe mwenyeji dakika ishirini za kuagana, dakika arobaini hadi Gare du Nord, dakika 75 za lango. Inakuja saa moja na robo usiku. Ukichukua ya karibu na hapo unashuka St Pancras saa mbili na nusu za London, Croydon saa tatu na robo. Usikate ya mapema zaidi kwa tamaa ya kuwahi kulala. Vikao vya saa nane huwa haviishi saa kumi na moja. Ya mwisho kutoka Paris mara nyingi ni saa tatu na dakika chache usiku, na ukiikosa hiyo, chumba cha hoteli kitalipwa na wewe.

Usukani_Kulia

Basi ndilo hilo la saa tisa, mara nane na nusu, mara kumi. Linatoka stendi ya Victoria hadi Bercy Seine, kusini-mashariki mwa Paris. Linapita chini ya bahari au kwa feri ya Dover, ambayo yenyewe inavuka kwa dakika 90. Mpakani wote mnashuka mnapita pasipoti kwa miguu, saa saba au nane za usiku, na basi haliondoki mpaka wa mwisho arudi. Abiria mmoja akizuiwa kwa karatasi, wote arobaini na kitu mnasubiri. Kwa hiyo muda wa basi unategemea karatasi za watu usiowajua. Kwa utalii wa bei ndogo sawa. Kwa kikao, ikibidi, panda la usiku wa Jumanne ufike Jumatano.

Mzee_wa_Ramani

Na atakayeuliza njia ya tano: Newhaven hadi Dieppe kwa feri ni saa 4, na kati ya miji hii miwili kuna njia ya baiskeli inayopita hapo, kilomita 400 na ushee. NjiaPanda, hiyo usiiguse Alhamisi.

NjiaPanda

Hahaha, hiyo naiacha. Nimeandika hivi, mnisahihishe: nyumbani saa kumi na mbili kasorobo, St Pancras saa kumi na mbili na nusu, treni ya saa mbili na dakika moja, RER E kutoka Magenta. Kurudi saa moja na dakika kumi usiku za Paris.

Bi_Tiketi

Iko sawa. Ila hakikisha siku hiyo hakuna ukarabati wa reli kati ya East Croydon na St Pancras. Hutangazwa mapema, na treni za alfajiri ndizo hupunguzwa kwanza. Ukikuta zimepunguzwa, panda yoyote inayokwenda Victoria halafu metro ya Victoria hadi King's Cross St Pancras, ongeza dakika kumi na tano.